Kupaka Rangi Ndani ya Nyumba kwa Mkono Wako: Kingo Zilizonyooka, Ukuta Usio na Mabaka

Mgeni akiingia sebuleni, macho yake hayaendi katikati ya ukuta. Yanakwenda pale ukuta unapokutana na dari, pembeni mwa fremu ya mlango, na kwenye swichi ya taa. Hapo ndipo kazi safi inapojulikana, na hapo ndipo wengi wanaopaka wenyewe hukimbilia kumaliza. Mwongozo huu unahusu chumba cha kawaida cha nyumba ya tofali za saruji iliyopigwa plasta, kama zilivyo nyingi Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako unyevu wa hewa na chumvi husumbua ukuta. Siku ya kwanza kopo la rangi lisifunguliwe kabisa. Siku hiyo ni ya ukuta.

Ujue ukuta kabla ya kwenda dukani

Pitisha kiganja kikavu ukutani. Kikitoka na unga mweupe, hapo pana chokaa au rangi ya zamani iliyochakaa. Rangi mpya itashika unga huo badala ya kushika ukuta, na haitachukua muda kubanduka. Ukuta wa namna hiyo hufagiwa, hufutwa kwa kitambaa kilicholowa, na ukishakauka hupigwa praima ya kushikiza unga, ndipo rangi ifuate.

Kisha chukua kitambaa chenye spiriti usugue sehemu iliyojificha nyuma ya mlango. Rangi ikilainika na kuingia kwenye kitambaa, ni rangi ya maji. Isipobadilika, ni rangi ya mafuta, na rangi ya maji ikipakwa juu yake moja kwa moja itakuja kubanduka hata kwa kucha. Isugue kwa msasa, kwa namna nitakayoeleza katika aya inayofuata, mpaka mng'ao upotee, futa vumbi, piga andakoti (rangi ya kutangulia inayoshikiza rangi ya juu), kisha endelea. Nyumba nyingi za zamani zina ukanda wa rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta, kwa hiyo pima juu na chini, usiridhike na sehemu moja.

Hapa kuna jambo la afya ambalo sitaki ulipite haraka. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma ziliweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi ya mafuta ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu. Lowesha ukuta, tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi, watoto na mama mjamzito wasiwepo nyumbani, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

Sasa unyevu. Inasikitisha kuona familia imejinyima ikanunua rangi nzuri, halafu ikaipaka juu ya ukuta unaovuja. Ukiona unga mweupe au rangi iliyovimba karibu na sakafu, maji yanapanda kutoka chini yakibeba chumvi. Ukiona doa la kahawia juu, tafuta bati lililotoboka au bomba linalovuja. Kama una shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote kwa tepu, ukiache siku nzima. Kikifanya ukungu upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukilowa upande wa chumbani, ni hewa ya ndani, na dawa yake ni kufungua madirisha. Hakuna rangi ya ndani inayotibu ukuta unaokunywa maji. Ziba chanzo kwanza, ukuta ukauke, chumvi ipanguswe kwa brashi kavu (ukiiosha kwa maji itayeyuka na kurudi ndani ya plasta), ndipo upake.

Madoa meusi ya fangasi hutibiwa kwa jiki: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo vitatu vya maji. Paka, acha kama robo saa, sugua, suuza, kausha. Fungua madirisha, vaa glavu, na usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo wala kitu chochote chenye asidi au amonia, kwa sababu hewa inayotoka ni sumu. Ukipaka rangi juu ya fangasi bila kuwaua, watapenya wakatokea upya.

Plasta mpya ya saruji ipewe wiki nne hivi kabla ya rangi. Inaweza kuonekana kavu kwa nje huku ndani bado ina maji na magadi ya saruji, na hayo huila rangi ikapauka kwa mabaka.

Wenye nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, nawasihi wasifuate mwongozo huu kwa kuta hizo. Kuta hizo hupumua kwa chokaa. Rangi ya plastiki (rangi ya maji ya madukani) huzuia unyevu ndani, plasta ikavimba na kudondoka. Chokaa hupakwa chokaa.

Hesabu na manunuzi

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye ukuta wa urefu wa mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 14, ukizidisha kwa 2.8 unapata mita za mraba 39 na kidogo. Ondoa mlango mmoja na dirisha moja, zinabaki kama 35. Mikono miwili, yaani kupaka ukuta mara mbili, ni 70. Lita moja ya rangi nzuri ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo unahitaji lita 7, yaani makopo mawili ya lita 4. Ukuta wenye plasta ya kukwaruza hunywa zaidi. Nunua yote kwa mara moja, na uangalie namba ya bechi kwenye makopo zilingane. Rangi iliyochanganywa kwa mashine leo na ile ya wiki ijayo zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta. Nyumbani mimina makopo yote kwenye ndoo moja safi na uyachanganye pamoja.

Rangi isiyong'aa huficha kasoro za ukuta, lakini haipendi kufutwafutwa. Silki, rangi yenye mng'ao kidogo, hufutika, ila kila bonde na kila alama ya msasa itaonekana. Kwa sebule na vyumba vya kulala vilivyopigwa plasta na fundi wa wastani, mimi ningechukua isiyong'aa bila kusita. Silki iende jikoni na kwenye korido ambako watoto hupita wakishika ukuta.

Kwenye vifaa, pesa yako ielekee kwenye brashi moja nzuri ya inchi 2 au 2½ yenye nywele laini zilizobana, na rola ya inchi 9 yenye manyoya mafupi. Brashi ya bei ya chini huacha nywele ukutani na haichori mstari. Ongeza rola ndogo, trei, kwangulio, puti ya kujazia nyufa, msasa namba 120 na 180, tepu ya karatasi, na mpini wa kurefusha rola. Mpini huo si anasa: unakuwezesha kupiga kutoka chini hadi juu kwa mkupuo mmoja bila kupanda na kushuka ngazi.

Siku ya ukuta

Toa vitu vyote vinavyotoka, vilivyobaki vikusanywe katikati na kufunikwa. Sakafu ifunikwe kwa mashuka makuukuu au maboksi yaliyofunguliwa. Nailoni tupu huteleza, na rangi ikidondokea juu yake haikauki upesi, unaikanyaga na kuipeleka chumba cha pili.

Zima umeme kwenye meni swichi, kisha legeza vifuniko vya swichi na soketi. Skrubu zibandikwe kwa tepu nyuma ya kifuniko chake ili zisipotee. Kupaka kuzunguka swichi iliyobaki mahali pake ndiko kunakoacha ule mkanda wa rangi kwenye plastiki nyeupe. Mwanga wa dirishani utatosha kwa kazi, kwa hiyo anza asubuhi.

Osha ukuta wa jikoni, na pale mikono hushika, kwa maji ya sabuni, suuza, uache ukauke. Mafuta hayashiki rangi.

Kwa nyufa, usizipake puti juu juu. Pitisha ncha ya kwangulio ndani ya ufa uufungue kidogo, ondoa vumbi, lowesha, kisha sukuma puti iingie mpaka ndani na ubaki mwinuko mdogo, kwa sababu puti hunywea ikikauka. Shimo refu lijazwe kwa awamu mbili. Pengo jembamba kati ya fremu ya mlango na ukuta lizibwe kwa akriliki ya kuzibia, si silikoni. Silikoni haipokei rangi, na mstari huo utakuudhi kila siku.

Kama ukuta mzima una mawimbi, puti ya hapa na pale haitasaidia. Hapo unahitaji kupiga skimu ukuta wote, yaani kuufunika kwa tabaka la puti, mara mbili nyembamba, ukisugua kila moja. Jikoni, bafuni na kwenye kuta zenye historia ya maji tumia puti ya saruji, maana ile ya jasi hulainika ikipata unyevu. Kuskimu chumba kizima ni kazi inayotaka mkono uliozoea, na sioni ubaya wowote kumwita fundi askimu, kisha wewe upake.

Sasa hatua ambayo ningependa usiikose hata kama utaruka nyingine. Funga mapazia, washa tochi, uishike imegusana na ukuta ili mwanga upite pembeni. Kila bonde na kila kivimbe kitatoa kivuli. Weka alama nyepesi ya penseli kwenye kila kasoro, jaza, sugua kwa msasa 120 kisha 180, umulike tena. Futa vumbi lote kwa brashi, halafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Siku ya kupaka ikifika, sehemu zote ulizojaza puti zipakwe kwanza rangi ileile ya ukuta iliyozimuliwa kwa maji kidogo, zikauke. Puti hunywa rangi kuliko ukuta, na ukiiacha hivyo utaona mabaka yasiyong'aa sawa na sehemu nyingine hata baada ya mikono miwili.

Kutoka juu kwenda chini

Dari hupakwa kwanza, kuta zifuate, milango na fremu mwisho. Matone ya dari yakiangukia ukuta ambao haujapakwa hayana hasara.

Koroga rangi kutoka chini ya kopo kwa kijiti bapa. Rangi iliyokuwa imefunguliwa zamani ichujwe kwa soksi nyembamba ya nailoni. Kuhusu maji: soma kopo. Mkono wa kwanza kwenye ukuta unaokunywa huweza kuzimuliwa kidogo, mara nyingi isizidi asilimia 10, na wa mwisho hupigwa kama ulivyo au karibu na hapo. Tabia ya kumimina maji ili kopo moja litoshe nyumba nzima ndiyo inayoleta michirizi, ukuta kuonekana kwa ndani, na rangi kutoka na kitambaa unapoifuta. Haikuokoi pesa, maana utapiga mikono minne badala ya miwili.

Rola mpya izungushie tepu ya karatasi kisha uibandue, ili manyoya yaliyolegea yatoke na tepu na si ukutani. Ilowanishe kidogo na kuikamua kabla ya kuichovya kwenye rangi.

Fanya ukuta mmoja mpaka uishe kabla ya kugusa mwingine. Wengi huzunguka chumba kizima na brashi wakichora kingo, halafu wanarudi na rola wakati kingo zimeshakauka. Matokeo yake ni mkanda unaoonekana kuzunguka chumba, kama fremu ya picha. Chora kingo za ukuta mmoja, upana wa sentimita 5 hivi, kisha shika rola haraka rangi ya brashi ikiwa bado mbichi, uisogeze rola karibu na kona uwezavyo. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: mmoja na brashi mbele, mwingine na rola nyuma yake.

Kuchora kingo penye dari bila tepu kunawezekana, na ukizoea ni safi kuliko tepu. Chovya brashi theluthi moja tu ya nywele, igonge ndani ya kopo pande mbili, usiikwangue ukingoni. Weka rangi kwanza chini kidogo ya mstari, kisha kwa mwendo wa pili sukuma nywele zipande taratibu mpaka ziguse kona, na uvute mkono wote kutoka begani bila kusimama. Mkono unatetemeka zaidi ukienda polepole mno. Tazama mbele kidogo ya brashi unakoelekea, si kwenye nywele zenyewe.

Rola ichovywe, izungushwe kwenye mteremko wa trei mpaka ienee bila kudondosha. Piga eneo la upana wa mita moja kwa zigizaga, lijaze, kisha malizia kwa kupitisha rola nyepesi bila kuichovya tena, kutoka dari hadi sakafu, mwelekeo mmoja. Eneo linalofuata lianze kwa kupandia lile lililotangulia likiwa bado bichi. Ukibonyeza rola ili kukamua rangi ya mwisho, itaacha mistari pande zake mbili, kwa hiyo ukisikia inakwaruza, chovya.

Baada ya hapo uache. Rangi iliyoanza kukauka haiguswi. Ukiona nywele au tone, na rangi imeshaanza kunata, subiri ikauke kabisa, usugue kwa msasa 180, urekebishe kwenye mkono wa pili. Feni isielekezwe ukutani, maana inakausha kingo kabla hujazifikia na kurusha vumbi. Madirisha wazi yanatosha.

Muda kati ya mkono na mkono uko kwenye kopo, mara nyingi saa mbili hadi nne. Wakati wa masika pwani, Machi hadi Mei, maradufu ni salama zaidi, na siku ya mvua ya kutwa ningeahirisha kazi. Kabla ya mkono wa pili pitisha msasa 180 kwa wepesi, futa, umulike tena kwa tochi.

Mstari kati ya rangi mbili

Watu wengi hupenda chini ya ukuta rangi nzito na juu nyepesi, na kwa nyumba yenye watoto ni chaguo la busara. Mstari huo usiupime kutoka sakafuni, kwa kuwa sakafu chache zimelala sawa. Tumia pima maji ya mafundi wa ujenzi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji bila mapovu. Mmoja ashike ncha kwenye alama ya kwanza, mwingine apeleke ncha ya pili kila kona, na pale maji yanapotulia ndipo pa kuweka alama. Unganisha alama kwa uzi wa chaki, yaani uzi uliopakwa unga wa chaki, unaovutwa na kuachiwa uchore mstari.

Rangi ya juu ipakwe kwanza na ivuke mstari kwenda chini. Ikae siku nzima, kisha piga alama na mstari upya, kwa kuwa rangi imeufunika. Bandika tepu upande wa juu wa mstari, ukingo wake wa chini uukandamize kwa ukucha au kadi ngumu. Sasa paka ukingo wa tepu kwa rangi ileile ya juu. Kama kuna mwanya, itakayopenya ni rangi inayofanana na iliyopo, na mwanya utazibika. Ikikauka, piga rangi ya chini mikono miwili. Tepu ibanduliwe rangi ya mwisho ikiwa bado mbichi, ikikunjwa kurudi nyuma kwa mshazari, taratibu. Ukingoja mpaka kesho, utang'oa na ngozi ya rangi. Kama umesahau na imekauka, pitisha wembe kwenye ukingo kabla ya kuvuta.

Fremu na grili

Milango ya mninga au mkongo ibaki na vanishi yake, ni hasara kuifunika. Fremu zilizopakwa zisuguliwe, zifutwe, zipigwe rangi ya mafuta kwa brashi, ukimalizia mikupuo kufuata urefu wa mbao. Grili za madirisha, palipo na kutu pakwanguliwe mpaka chuma kionekane, paguswe kwa redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), kisha rangi. Tapentaini na tina za kuzimulia rangi ya mafuta hushika moto na harufu yake huumiza kichwa: dirisha wazi, jiko limezimwa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au rangi ya mafuta visirundikwe, vitandazwe nje vikauke, kwa sababu rundo linaweza kujiwasha lenyewe.

Baada ya kazi

Ukipumzika kwa saa kadhaa, funga brashi na rola ndani ya nailoni bila kuziosha. Ukimaliza kabisa, kamua rangi irudi ndooni, osha zilizotumika kwenye rangi ya maji kwa maji na sabuni mpaka maji yatoke safi, nyoosha nywele, uianike brashi imelala. Maji ya kuoshea yasimwagwe kwenye mtaro wa mvua.

Rangi iliyobaki ihamishiwe kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojaa mpaka karibu na mfuniko, maana hewa ndiyo inayoiharibu. Andika juu yake jina la chumba, namba ya rangi, bechi na tarehe. Siku ukuta ukikwaruzwa na kiti, tumia rola ndogo kurekebisha sehemu iliyopigwa rola, na brashi kwenye kingo, ili mguso ufanane.

Vifuniko vya swichi virudishwe rangi ikiwa imekauka usiku mzima, umeme ukiwa bado umezimwa. Makabati na makochi yaachwe mbali kidogo na ukuta kwa siku chache. Rangi ya maji hukauka kwa saa, lakini huchukua wiki tatu hadi nne kukomaa. Doa la mkono likitokea kabla ya hapo, liguse kwa kitambaa laini chenye maji tu, bila sabuni na bila kusugua.